Ndege Mwenye Sheng

Loji ya Ngulia, Tsavo Magharibi, iliwekewa taa kali ili watalii waone wanyama wakija kunywa maji usiku. Kumbe taa ziliita wageni wengine pia. Kila Novemba na Desemba, usiku usio na mwezi, ukungu ukishuka, ndege wahamaji kutoka Ulaya na Asia huchanganyikiwa na kumiminika kwenye mwanga. Tangu 1969 watafiti huwanasa hapo kwa nyavu nyembamba, huwapima, huwavisha pete yenye namba mguuni, kisha huwaachilia. Hesabu imefika mamia ya maelfu.

Nilienda mwaka juzi kuandika makala (mhariri hajanilipa mpaka leo), nikaishia kubeba vifuko vya kitambaa vyenye ndege ndani. Hakuna aliyeniuliza nimesomea nini. Niliacha chuo mwaka wa tatu, na hilo swali huwa nalisikia likija kutoka mbali.

Nilishikishwa marsh warbler. Kandege ka kahawia, gramu 12 hivi, moyo ukitetema kiganjani kama simu iliyozimwa sauti. Kwa sura hana maajabu. Lakini mwaka 1979 mtafiti Françoise Dowsett-Lemaire alionyesha kwamba dume mmoja huko Ubelgiji huiga, kwa wastani, sauti za ndege wa aina 76 hivi, na zaidi ya nusu ni wa Afrika. Yaani jamaa anatongoza Ulaya kwa maneno aliyookota huku kwetu. Hiyo si ni Sheng?

Sasa, taa. Ngulia, ndege akishuka anapata mtu wa kumwachilia. Chicago, asubuhi ya 5 Oktoba 2023, karibu ndege 1,000 waliokotwa wamekufa baada ya kugonga vioo vya jengo moja tu, McCormick Place. Mwaka uliofuata vioo vikabandikwa vialama vidogo, vifo vikapungua sana. Ndiyo maana habari hii imenikaa. Kinamasi kikikaushwa unahitaji bunge, mahakama na miaka. Taa ina swichi.

Ploti yetu Kasarani ina taa nne juu ya paa. Novemba nikamwendea soja.

“Nizime stima juu ya ndege?”

“Wanapita usiku, mzee.”

“Na mwizi akipita?”

Ana hoja, mwaka jana tuliibiwa tangi la maji. Tukakubaliana mbili za upande wa barabara zibaki, na mbili zinazomulika juu zizimwe hadi Krismasi. Landlodi bado hajui.