Zulia Linukialo la Milima ya Bale

Katika nchi jirani ya Ethiopia, msafiri atokaye Addis Ababa kuelekea kusini-mashariki huenda kiasi cha kilomita 400 ndipo afike Dinsho, mji mdogo ulio langoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Bale. Mahali hapo ni zaidi ya meta 3,000 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake hupenya hadi mifupani. Aingiapo katika nyika za majani mafupi, pua yake hutangulia macho kupata habari: kila akanyagapo, harufu njema hupanda kutoka chini ya nyayo zake.

Harufu hiyo ni ya tosinyi, mmea wa jamii ya thaimu, mwenyeji wa nyanda za juu za Ethiopia. Wataalamu huuita Thymus schimperi, kwa kumkumbuka Wilhelm Schimper, Mjerumani mkusanya mimea aliyeishi nchini humo tangu 1837 hadi alipofariki 1878. Vishina vyake vyembamba hutambaa juu ya udongo na miamba, vikiwa na majani madogo na maua ya rangi ya waridi. Palipotanda tosinyi, mvua hukuta udongo umefunikwa na kushikwa.

Nyumbani, majani yake hukaushwa, yakatiwa katika chai au yakachanganywa na berbere, yaani pilipili iliyosagwa pamoja na viungo. Wengi hunywa chai hiyo wanaposumbuliwa na kikohozi.

Lakini sehemu kubwa ya tosinyi iuzwayo sokoni huchumwa porini. Kwa akina mama na watoto wa milimani, fungu moja la majani ni chumvi na madaftari ya shule. Shida ni kwamba wachumaji wenye haraka huung'oa mmea pamoja na mizizi, na huku mifugo na mashamba navyo vinazidi kupanda mlimani. Mwaka 2023 hifadhi hiyo iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Hata hivyo, orodha haimlishi mtoto.

Njia iliyo nafuu ni kukata ncha kwa kisu na kuacha mizizi ichipue tena, pamoja na kuotesha vipande vyenye mizizi karibu na nyumba, penye jua na pasipotuama maji. Wahenga walisema, bandu bandu huisha gogo. Nalo zulia, likichanwa uzi mmoja mmoja, huacha sakafu tupu.