Anayesimama Ili Mwenziwe Apite

Mpira wa kikapu, kwa anayeutazama mara ya kwanza, huonekana kuwa mchezo wa mtu mmoja, yule mwenye mpira. Macho humfuata yeye, na akifunga hushangiliwa yeye. Sisi kina mama wa Kipwani tunaoishi Kangemi, ambao mabinti zetu hucheza kila Jumapili baina ya Alasiri na Magharibi katika kiwanja cha saruji kisicho mbali na Barabara ya Waiyaki, tumefundishwa kuutazama kwa namna nyingine. Kwa kuwa wasomaji wengi wa jarida hili wana mabinti wa umri huo, tumeona vyema tuwashirikishe.

Haja ya kujifunza ilitokana na mzozo. Mwenzetu mmoja aliambiwa na mumewe amtoe timuni binti yao wa miaka 15. Baba huyo hakuwa na neno juu ya vazi wala juu ya wakati. Wasichana huvaa suruali pana, mikono mirefu na mtandio uliofungwa barabara, na mazoezi humalizika kabla ya adhana. Lililomkera ni jingine. Alikuja kutazama mechi mbili, na katika zote mbili hakumwona bintiye akifunga hata kikapu kimoja.

"Mwanangu asimama tu kama nguzo," alimwambia mkewe. "Ikiwa ni kusimama, si asimame jikoni akakusaidia?"

Mwalimu wao, binti aliyepata kuichezea timu ya chuo chake, aliposikia habari hiyo hakubishana. Alituomba tumpe nafasi baada ya mazoezi. Tukatandika mkeka nyumbani kwa mmoja wetu, tukaweka sinia liwe uwanja. Vikombe vitano vya kahawa vikawa wachezaji wetu, na kokwa tano za tende zikawa walinzi wa wapinzani.

"Mama zangu," alituambia, "leo msiutazame mpira. Watazameni wasio na mpira."

Akaanza na hali iliyo ngumu kuliko zote. Mpira umetoka nje nyuma ya kikapu cha wapinzani, na sasa ni wetu kuurudisha uwanjani. Mrushaji ana sekunde 5 tu tangu mwamuzi ampe mpira. Akichelewa, mpira huwa wa wapinzani. Kila mmoja wa wenziwe ana mlinzi aliyemganda, na wapinzani ni warefu kuliko sisi. Wakisimama wakingoja kurushiwa, hawataupata. Basi hujipanga mraba: wawili chini, karibu na kikapu, na wawili juu, kwenye ncha za mstari wa mitupo huru.

Mrushaji akiupiga mpira kofi, wote huondoka pamoja. Wa chini aliye upande wa mpira hupanda kwa mshazari, akasimama katika njia ya mlinzi wa mwenziwe aliye juu upande wa pili. Huyo wa juu hushuka mbio, akimpitia msimamaji bega kwa bega hata upande wa khanga usipite baina yao, akaelekea pale pale msimamaji alipotoka. Mlinzi wake hukwama. Wa juu aliye upande wa mpira hukimbilia kwenye kona, akamvuta mlinzi wake mbali na kikapu. Wa nne huondoka njiani na kurudi nyuma, ili wapinzani wakiunyakua mpira wamkute mtu.

Mwalimu alivisogeza vikombe polepole, kisha akakiweka kidole juu ya kikombe cha msimamaji. Sheria, alisema, humtaka huyu atulie, miguu yote miwili chini, mikono karibu na kifua. Akimsogelea mlinzi na kumgonga, ni faulo, na mpango wote umeharibika. Lazima afike mapema, ajue mahali hasa pa kusimama, na akubali kugongwa asitikisike. Kazi hiyo haimfai mvivu.

Kisha akatuonyesha jambo ambalo halikutupitia akilini. Mlinzi wa msimamaji akiona mwenziwe ameachwa nyuma, hukimbia kumsaidia. Hapo msimamaji hubaki hana anayemlinda. Akigeuka kuuelekea mpira, yuko peke yake. Na mrushaji naye akishautoa mpira huingia uwanjani, ilhali mlinzi wake mara nyingi amekwisha kumpa kisogo. Kwa hivyo aliyemfungulia mwenziwe njia huenda akafunguliwa yeye, na aliyetoa huenda akarudishiwa.

Mama wa yule binti alichukua kokwa moja ya tende, akaisogeza, akairudisha, akaisogeza tena. "Kumbe huyu ndiye mwanangu," akasema.

Tuliporudi kiwanjani juma lililofuata, mchezo ulikuwa mwingine machoni petu. Kila timu inaposhambulia ina sekunde 24 za kulenga kikapu, nasi tukaziona zimejaa kazi ambayo zamani ilitupita. Baba wa binti naye alikuja, kwa kusihiwa na mkewe.

Siku ile wapinzani walikuwa warefu kweli. Zikabaki sekunde 4, nao wanaongoza kwa alama 1, na mpira ni wetu nyuma ya kikapu. Wasichana wakajipanga mraba. Binti akapanda, akasimama, akagongwa, hakutikisika. Mwenziwe akapita, akapokea mpira chini ya kikapu, hana mtu mbele yake. Akautupa. Mpira ukazunguka juu ya pete, ukaanguka nje. Tukashindwa.

Njiani kurudi nyumbani, baba yule hakuzungumza juu ya alama. Alisema neno moja tu: "Lakini yule alibaki peke yake kabisa, na aliyemfungulia ni mwanetu." Binti bado yumo timuni.

Mpango mwema huleta nafasi tu. Kikapu kina mambo yake: mkono, utulivu, na majaliwa ya Mwenyezi Mungu. Lakini bila nafasi, hata mkono hodari haufai kitu. Mtume wetu (S.A.W.) aliwafananisha waumini na jengo ambalo sehemu zake hushikana na kutiana nguvu, akaviingiza vidole vyake baina ya vidole. Na katika jengo, tofali lililo ndani ya ukuta halionekani na mpita njia.

Kwa wazazi wanaosita kwa sababu ya stara, twawakumbusha kuwa hapo awali sheria za shirikisho la dunia, FIBA, zilikataza kufunika kichwa. Mwaka 2014, katika Michezo ya Asia kule Incheon, wanawake wa Qatar waliacha kucheza kuliko kuvua hijabu zao. Mei 2017 shirikisho hilo likaibadili sheria, na ruhusa ikaanza kutumika tarehe 1 Oktoba mwaka huo. Mlango ambao binti zetu wanaupita leo, wapo waliousimamia wakakosa mechi zao wenyewe.

Basi nendeni mkawatazame wanenu. Mpira ukiwa kwa mwingine, mtazameni wenu yuko wapi na anamsaidia nani. Na anaporudi nyumbani, kabla ya kumwuliza amefunga mangapi, mwulizeni: leo umemfungulia nani njia? Mwenyezi Mungu awahifadhi mabinti zetu, na atujaalie macho ya kuiona kazi yao. Amin.