Dar hadi Unguja: Dakika 20 za Dirishani

Kutoka Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, hadi ule wa Abeid Amani Karume, Unguja, ni kilomita zipatazo 73 kwa njia ya anga, na karibu zote ni za kwenda kaskazini tupu. Caravan, ndege ndogo ya pangaboi moja inayobeba abiria kumi na wachache, hukimbia kama kilomita 300 kwa saa. Piga hesabu: robo saa, na ukiongeza kupaa na kutua, dakika 20. Foleni ya Barabara ya Nyerere yaweza kukula zaidi ya hapo kabla hujauona uwanja.

Lakini dakika zenyewe ni tamu! Ndege hizi hazipandi juu sana, basi kila kitu unakiona. Kulia inapita Rasi ya Msasani, kisha visiwa vya Bongoyo na Mbudya, misitu miwili iliyovishwa kanga ya mchanga mweupe. Halafu bahari. Bluu nzito hukatika ghafla mwambani ikawa kijani cheupe, na maji yakiwa machache unaweza kuona ngalawa na kivuli chake, kimelala mchangani kando yake.

Wasafiri wengi hawajui kwamba pepo za msimu bado zina kauli katika safari hii. Ndege hutua ikikabili upepo. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, aghalabu huingia moja kwa moja kutokea kusini, na kisiwa cha Chumbe hukaa kushoto na mnara wake wa taa wa mwaka 1904. Kusi ikishika, rubani hulazimika kukipita kiwanja, azunguke, aingilie kaskazini. Hapo ndipo unapoandaliwa Mji Mkongwe mzima: mapaa ya mabati yenye kutu yaliyobanana hata vichochoro havionekani, kanisa la Minara Miwili, bandari ya Malindi. Kaskazi iliwaleta mabaharia wa Arabuni na Bara Hindi, kusi ikawarudisha kwao. Leo zinaamua abiria wa Caravan aone nini. Mimi ni mtu wa kusi.

Ukishuka, usikimbilie teksi. Daladala ya 505 inakufikisha mjini, na kutoka hapo Forodhani ni mwendo wa miguu. Kula urojo ungali wa moto, bhajia zikiwa hazijalainika.

Anayekaa karibu na Posta, katikati ya Dar, na mwenye haraka, apande boti: hutumia kama saa mbili hadi Malindi, na hana haja ya kwenda Kipawa, uliko uwanja wa ndege, wala kungoja huko. Ila anayetaka kuiona Unguja kabla ya kuikanyaga, akate tiketi ya ndege ya mchana, Julai au Agosti, kusi ikivuma, na awahi kiti cha dirishani.