Kuumwa na Kucheza: Muziki wa Salento Masikioni mwa Wasafiri

Inaposemwa kwamba msafiri fulani "aligundua" muziki wa watu fulani, yafaa kuuliza kwanza ni nani aliyekuwa ameupoteza. Wavuvi wa jodari wa Calabria waliovuta nyavu kwa wimbo hawakujua kwamba wamefichika. Kadhalika wachukuzi wa bandari ya Genova, ambao jioni walikusanyika kuimba trallalero bila ala yoyote, mmoja akipandisha sauti kama ya mwanamke na mwingine akiziba mdomo kwa kiganja ili kuigiza gitaa. Kila mmoja wao alijua wimbo ulianzia wapi na nani alikuwa fundi wake. Waliokuwa gizani ni wasomi wa mijini, ambao kwa muda mrefu walikuwa wameyakusanya maneno ya nyimbo za mashambani wakaziacha sauti zenyewe zipeperuke.

Hali hiyo ilianza kubadilika kwa kishindo mwaka 1954. Mmarekani Alan Lomax, aliyekuwa ameihama nchi yake mwaka 1950, alishirikiana na Diego Carpitella, kijana mzaliwa wa Reggio Calabria, wakazunguka Italia kuanzia kiangazi cha mwaka huo hadi mwanzoni mwa 1955. Walisafiri kwa gari lililobeba mashine ya kunasia sauti. Lomax hakukijua Kiitalia vizuri, na huenda upungufu huo ndio uliomfaa: alipokosa kuyafuata maneno, aliisikiliza sauti. Katika makala aliyoichapisha mwaka 1959 alidai kwamba waimbaji wa kaskazini huimba kwa pamoja, koo likiwa wazi, ilhali wa kusini huimba peke yao kwa sauti ya juu iliyobanwa. Kisha akaihusisha tofauti hiyo na jinsi kila jamii inavyowabana au kuwaachilia wanawake wake. Dai hilo ni zito mno kubebwa na koo la mwimbaji. Hata hivyo lilikuwa na thamani moja isiyokanika: liliwalazimisha wanazuoni kuitazama sauti kuwa ni ushahidi, si pambo la shairi.

Mwezi Agosti 1954 wasafiri hao wawili walifika Salento, ile sehemu ya mwisho ya Puglia inayofananishwa na kisigino cha kiatu cha Italia. Huko walinasa pizzica, ngoma ya kasi inayoongozwa na tari. Jina lenyewe linatokana na kitenzi chenye maana ya kufinya au kuchoma kama mdudu achomavyo, na mdudu anayehusika ni buibui aitwaye taranta. Yasemekana katika mapokeo ya huko kwamba wanawake walioumwa na buibui huyo wakati wa kuvuna ngano au kuchuma tumbaku hawakupona ila kwa kucheza. Habari hizo si ngeni katika maandishi: padri Mjesuiti Athanasius Kircher alichapisha tuni za tiba hiyo mwaka 1641. Lakini kunasa wimbo ni jambo moja, na kumwona mgonjwa akiuhitaji ni jambo lingine kabisa.

Hilo la pili lilimpata Carpitella aliporudi mwezi Juni 1959, safari hii akiwa katika msafara wa Ernesto de Martino, mwanahistoria wa dini. Msafara huo ulikuwa na tabibu wa maradhi ya akili, mwanasaikolojia, na mpigapicha. Katika nyumba moja ya mji wa Nardò waliona shuka jeupe limetandikwa sakafuni na mwanamke aliyevaa nguo nyeupe amelala juu yake. Wapigaji walikuwa na fidla, tari, kodiani na gitaa. Aliyepiga fidla, Luigi Stifani, kazi yake ya kila siku ilikuwa kinyozi. Muziki ulipoanza, mwanamke alijikokota sakafuni kama buibui, kisha akainuka, akazunguka mbio mpaka akaanguka; baada ya kupumzika kidogo akaanza upya. Hayo yaliweza kuendelea kwa siku kadhaa. Tarehe 29 Juni, sikukuu ya Mtakatifu Paulo, wagonjwa wa namna hiyo walikwenda katika kanisa dogo la mtakatifu huyo mjini Galatina kuomba neema, au kushukuru.

Msomaji anayezifahamu ngoma za pepo za pwani ya Afrika Mashariki atakuwa amekwisha kutambua kitu. Buibui wa Salento walikuwa na tabia: wengine walipenda kucheza, wengine kuimba, wengine walikuwa wa huzuni na bubu. Mpigaji alijaribu mapigo mbalimbali, na vitambaa vya rangi mbalimbali vilitolewa, mpaka ikajulikana ni upi anayemtesa mgonjwa na anataka nini. Mganga anayepunga pepo naye humtaka pepo ataje jina lake, kitambaa chake na wimbo wake. De Martino mwenyewe alizitazama mila za Kiafrika za aina hiyo katika kutafuta ulinganisho, ingawa alisisitiza kwamba ugonjwa wa Salento una historia yake ya Kikristo na ya kusini mwa Italia, na asiyeijua historia hiyo hatauelewa.

Swali lililowakabili ni hili: je, wanawake hao waliumwa kweli? Sumu ya buibui yupo anayeitoa, lakini sumu haieleweki kwa nini irudi kila mwaka majira yale yale, wala kwa nini iwachague zaidi wanawake. Tena iliaminika kwamba wakazi wa Galatina wamekingwa na mtakatifu wao. Ni buibui gani anayejua mipaka ya mji? De Martino alihitimisha kwamba kuumwa huko kulikuwa ni ishara iliyorithiwa, ambayo kwayo maumivu yasiyosemeka, kama mapenzi yaliyozuiwa, ndoa ya kulazimishwa au ufukara, yalipata umbo, wakati na wimbo.

Kitabu chake cha mwaka 1961 kinaitwa *La terra del rimorso*. Neno rimorso kwa kawaida ni majuto. Likikatwa lakini, ri- ni kurudia na morso ni kuuma. Ni nchi ya majuto, nayo ni nchi ya kuumwa tena. Tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 2005 ilibaki na majuto, na meno yakapotea. Kiswahili kingeyapoteza majuto, lakini kingepata faida ambayo Kiitalia hakina. Aliyeguswa na nge ameumwa, na mwenye homa anaumwa. Kichwa humwuma mtu, na neno baya humwuma moyoni. Kitenzi ni kimoja, na msemaji halazimiki kutaja aliyeuma. Bila shaka sarufi ya lugha moja haithibitishi chochote kuhusu maradhi ya watu wengine. Lakini mzungumzaji wa Kiswahili angeweza kuelezwa na mwanamke wa Nardò "ninaumwa", naye asione haja ya kutafuta alama ya jino kabla ya kumwamini.

Tiba hiyo imetoweka, na kwa miaka mingi familia nyingi ziliificha kwa aibu. Kanda za 1954 na 1959 ziliwafikia vijana, nao wakajifunza humo mapigo waliyonyimwa na wazee wao. Katika vijiji vya Wagriko, nyimbo za Kigiriki cha huko huimbwa na watu wasiozungumza lugha hiyo nyumbani. Tangu mwaka 1998 tamasha la Notte della Taranta hukusanya makumi ya maelfu ya watu Melpignano kila Agosti. Matari yapo, vitambaa vya rangi vipo, na wasichana huzunguka jukwaani wakitabasamu. Stifani alifariki mwaka 2000, akiwa ameacha daftari alimoandika habari za wagonjwa aliowapigia fidla, mmoja baada ya mwingine, na jinsi kila mmoja alivyopona.