Sura Zimebaki, Majina Hayapo

Picha za watu waliochukua madaraka juzi tu zina kitu ambacho picha za ofisini hazina. Waliomo bado hawajajua wasimame vipi. Ukiangalia zile za Zanzibar za Januari 1964 utaona haraka: sare hazifanani, bunduki kila mtu kaishika kwa namna yake, na mwenye cheo anasukumana bega kwa bega na kijana ambaye hakuna aliyemwandika jina. Baada ya mwaka au miwili hali hiyo inakwisha. Kila mtu anajua mahali pake, kuna kiti cha mbele na cha nyuma, na mpiga picha anasubiri ruhusa.

Nimekuwa na picha hizo kwenye kompyuta yangu wiki nzima. Kila mwaka ikikaribia Januari 12, vyumba vya habari huzifukua, na sisi waandishi hugawana kazi ya kuandika maelezo ya chini. Safari hii kazi imenikuta likizoni nyumbani Buger, wilaya ya Karatu, upande wa msitu wa Marang ambako tembo hushuka usiku kula mahindi ya watu. Mtandao unapatikana ukipanda kidogo mlimani. Kwa hiyo mchana naandika, jioni napanda kutuma, na katikati nina muda mwingi wa kuziangalia hizo sura.

Tukumbushane kwanza, maana wengi tulisoma habari hii kwa ajili ya mtihani. Zanzibar ilipata uhuru kutoka kwa Mwingereza tarehe 10 Desemba 1963, chini ya Sultani Jamshid bin Abdullah na Waziri Mkuu Mohamed Shamte. Siku 33 baadaye serikali hiyo ikapinduliwa na Sultani akakimbia. Sauti iliyosikika redioni ikitisha watu ilikuwa ya John Okello, mtu kutoka Uganda aliyewahi kufanya kazi ya uashi, akijiita Field Marshal. Serikali mpya ikawa na Abeid Amani Karume wa Afro-Shirazi kama Rais, Abdallah Kassim Hanga kama makamu wake, na Abdulrahman Babu wa Umma Party akashika mambo ya nje. Babu mwenyewe usiku wa tukio hakuwa Unguja, alikuwa Dar es Salaam.

Walioziona siku hizo kwa kamera hawakuwa wengi. Priya Ramrakha, Mkenya aliyekuja kuuawa kwa risasi mwaka 1968 akiwa kazini katika vita vya Biafra, alikuwapo. Mohamed Amin naye, wakati huo kijana mwenye kampuni yake changa Dar es Salaam. Na Mji Mkongwe kulikuwa na Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Studio hiyo ilikuwa imezoea sherehe za Sultani, na baada ya 1964 ikaendelea na kazi chini ya wenye nchi wapya. Napenda kumfikiria fundi picha wa namna hiyo. Serikali inabadilika, lakini yeye Jumatatu lazima asafishe filamu.

Sasa, shida yangu si picha. Shida ni sentensi inayokwenda chini yake.

Sentensi yenyewe unaijua, msomaji. Umeisoma mara mia: "Rais wa Kwanza wa Zanzibar, Sheikh Abeid Amani Karume, akiwa na viongozi wengine wa Mapinduzi." Ukiwa na haraka haina kosa. Haisemi uongo wowote. Karume ni yeye kweli, na wengine ni wengine kweli. Lakini hebu tuulize, hao wengine walikwenda wapi?

Okello hakumaliza hata robo ya mwaka. Mnamo Machi 1964 alisafiri nje ya kisiwa, na alipotaka kurudi akazuiwa. Alitangatanga, akafungwa Kenya, akatoa kitabu chake mwaka 1967, kisha alionekana Uganda mwaka 1971 baada ya Idi Amin kuchukua nchi. Baada ya hapo hakuna habari. Hanga alikamatwa bara, akarudishwa Zanzibar mwaka 1969 pamoja na Othman Shariff, aliyewahi kuwa balozi wetu Marekani. Hawakuonekana tena. Karume mwenyewe aliuawa kwa risasi tarehe 7 Aprili 1972 pale Kisiwandui. Babu akawekwa kizuizini bara kuanzia mwaka huo hadi 1978, huku mahakama ya Zanzibar ikimhukumu kifo bila yeye kuwepo. Alifia London mwaka 1996.

Kwa hiyo lile neno "wengine" limebeba mzigo mzito kuliko sentensi yote iliyobaki.

Wenzetu Urusi walishughulikia jambo hili kwa mkasi na brashi. Kuna ile picha ya Stalin akitembea kando ya mfereji wa Moscow, na pembeni yake yuko Yezhov, mkuu wa polisi wa siri. Yezhov alipigwa risasi mwaka 1940, na katika picha zilizotolewa baadaye mahali alipokuwa amesimama pana maji tu. Watu husimulia kisa hiki kana kwamba ndicho kiwango cha juu cha kufuta mtu. Mimi sikubali. Mkasi huacha alama, na siku nakala mbili zikikutana, mchezo umekwisha. Kwetu sura ziliachwa palepale. Kilichoondolewa ni jina, na jina likiondoka hakuna nakala ya pili ya kulinganisha. Mtoto anamtazama Hanga usoni na anaona mtu fulani aliyevaa suti.

Nilidhani wazo hili ni langu la kisomi mpaka nilipokwenda kumsalimia mjomba.

Mjomba ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, umri wake umevuka sabini. Nilimkuta nje anapukuchua mahindi. Baada ya shikamoo na habari za mjini nikamwonyesha picha kwenye simu. Akaishika mbali kidogo na macho, akaitaja mmoja mmoja bila kusita: Karume, Hanga, Babu. Nikashangaa. Akasema, "Hawa ninao ndani," akaniambia nilete tranka iliyo chini ya kitanda.

Wale waliosoma bweni wanajua, tranka ina dunia mbili: vitu vya ndani, na mfuniko. Upande wa ndani wa mfuniko ndipo ulipobandika wachezaji mpira, ratiba, mstari wa Biblia. Kwa mjomba kulikuwa na kipande cha gazeti kilichogandishwa kwa uji wa ngano, kimekuwa cha njano na kona moja imeliwa na mende. Viongozi wa Zanzibar, 1964. Alipewa na mwalimu wake akiwa shule, na mwalimu huyo ndiye aliyeandika majina chini kwa kalamu ya wino, mwandiko mzuri wa zamani uliolala upande mmoja. Jina la Karume linasomeka. Majina mengine mawili yamekwanguliwa kwa wembe mpaka karatasi imetoboka.

"Nani alikwangua?"

"Mimi."

"Lini?"

"Walipomuua Karume. Nilikuwa mwalimu mpya, mpwa wangu. Mtumishi wa serikali. Tulisikia redioni Babu amekamatwa. Nikasema, huyu yumo kwenye tranka yangu."

Nikamuuliza kwa nini basi hakubandua picha yote akaitupa kwenye moto, yakaisha. Akafikiria. Akaniambia sura haina kesi. Mtu akikuta sura unaweza kusema hata huijui, uliipenda picha tu. Jina ndilo lenye kesi, kwa sababu jina linaonyesha kwamba unajua.

Sasa fikiria umbali. Kutoka Unguja hadi Buger, siku hizo ikiwa bado sehemu ya wilaya ya Mbulu, barabara mbovu, magari ya kuhesabu. Hakuna aliyemwagiza kijana huyu afanye kitu chochote. Hakuna polisi aliyekuja kufungua tranka za walimu. Alikaa peke yake usiku na koroboi, akachukua wembe, akajua mwenyewe akwangue wapi. Na kesho yake akaenda darasani kufundisha.

Nikamuuliza alifundisha nini kuhusu Zanzibar miaka yote hiyo. Akasema, "Kilichokuwa kitabuni. Karume na viongozi wengine." Akacheka kidogo, mimi nikashindwa kucheka.

Kuna picha nyingine ambayo kila mtu Tanzania anaijua: Aprili 1964, Mwalimu Nyerere akichanganya udongo wa Tanganyika na wa Zanzibar, vijana wamemzunguka wameshika vyombo. Kila Aprili magazeti huwatafuta wale vijana. Wamehojiwa, majina yao yamechapishwa, tumeambiwa walichaguliwaje na maisha yaliwapelekaje. Ni kazi nzuri ya uandishi na mimi naiheshimu. Lakini inathibitisha kitu: tukitaka kumjua mtu aliyesimama kwenye picha ya miaka sitini iliyopita, tunaweza. Tumeweza kwa wanafunzi walioshika chungu. Kwa mawaziri tumeridhika na "wengine".

Na wapo ambao hata "wengine" hawamo. Picha za viongozi hupigwa mambo yakishatulia, au yakijifanya yametulia. Siku zilipokuwa za moto watu waliuawa kwa wingi, hasa Waarabu, na nyumba nyingi zilibaki bila wenyewe. Ushahidi mkubwa wa picha wa jambo hilo ulichukuliwa kutoka angani na Waitaliano, Jacopetti na Prosperi, na ukatokea katika filamu yao Africa Addio ya mwaka 1966. Ni filamu yenye dharau kwa Mwafrika kutoka mwanzo hadi mwisho, na wengi tumeitumia dharau hiyo kama sababu ya kutoangalia kinachoonekana ardhini. Ukiwa na picha ya wanaume kumi wamesimama mbele ya jengo la serikali, ni rahisi kuamini mapinduzi yenyewe ndiyo wale kumi. Kwa hiyo simtetei mtu. Hanga na Babu hawakuwa malaika, na kuwarudishia majina si kuwapa nishani. Ni kuwaweka mahali wanapoweza kuulizwa maswali, na wao, na waliowafuta.

Mtu wa Buger atasema haya ni ya pwani, sisi huku yametuhusu nini? Mjomba alinijibu hilo kabla sijauliza. Katika uchaguzi wa 1960, TANU ilichukua viti 70 kati ya 71. Kile kimoja kilichowaponyoka kilikuwa cha kwetu, Mbulu. Herman Sarwatt alisimama kama mgombea binafsi akamshinda mgombea rasmi wa chama. Nimesoma shule ya msingi hapahapa, sekondari Karatu mjini, chuo kikuu Dar es Salaam, na hesabu ya 70 kwa 71 nimeikuta mara kadhaa katika vitabu. Vingi vinasema "mgombea binafsi mmoja", basi. Yaani babu zetu walifanya jambo ambalo hakuna jimbo jingine Tanganyika nzima lililolifanya mwaka ule, na aliyechaguliwa amekuwa kiongozi mwingine.

Hakuna aliyetoa amri ya kumfuta Sarwatt. Hilo ndilo linalonisumbua kuliko wembe wa mjomba. Mjomba aliogopa, na woga wake ulikuwa na sababu. Sisi tunaoandika leo hatuogopi hivyo. Tuna haraka tu, na nafasi chini ya picha ni ndogo, na mhariri anataka mistari miwili. Uvivu wetu unamalizia kazi ambayo woga wao uliianza.

Niliandika maelezo marefu nikapanda nayo mlimani. Niliandika kutoka kushoto kwenda kulia, kila mtu na jina lake, na mbele ya jina mwaka na kilichompata. Mhariri akapiga simu: mbona hivi, watu wanataka kusherehekea. Nikamwambia wasomaji wetu ni watu wazima. Tukavutana. Mwishowe yamebaki majina bila yaliyowapata, na nimeyakubali hayo kama mwanzo.

Mjomba nimemwomba aniruhusu niandike tena yale majina mawili kwenye kipande chake. Akasema nisiguse mwandiko wa mwalimu wake. Akachukua penseli mwenyewe, akavaa miwani, akayaandika pembeni ya matundu, kwa herufi kubwa kama za ubaoni. Alipofika kwa Hanga akaniuliza mwaka. Nikamwambia 1969. Akauandika, akaweka alama ya kuuliza, akafunga tranka.