Bulembia: Mgodi Uliokwisha na Mafuta Yanayosubiriwa

Ukitoka mjini Kasese kuelekea milima ya Ruwenzori, barabara huufuata mto Nyamwamba mpaka bonde linapokuwa jembamba. Hapo ni Bulembia, tarafa yenye mgodi wa shaba wa Kilembe. Nyumba za wafanyakazi zingali zimejipanga ubavuni mwa mlima, na mitambo imeliwa na kutu.

Ndugu msomaji atauliza, shaba na mafuta vina uhusiano gani? Kasese imo katika bonde lile lile la ufa lenye mafuta ya Ziwa Albert, yaliyothibitishwa mwaka 2006. Yakadiriwa kuwa mapipa bilioni 6.5 yamo ardhini, ambayo bilioni 1.4 tu ndiyo yawezayo kutolewa. Miradi ya Tilenga na Kingfisher imekusudiwa kutoa mapipa 230,000 kwa siku wakati wa kilele. Mafuta yenyewe yana nta nyingi na huganda yakipoa. Ndiyo maana bomba la kilometa 1,443, kutoka Hoima hadi Chongoleani huko Tanga, sharti lipashwe moto njia nzima. Siku ya pipa la kwanza imekwisha kuahirishwa zaidi ya mara moja.

Upande wa Kasese matumaini ni membamba zaidi. Kisima kilichochimbwa mwaka 2010 katika eneo la Ngaji, karibu na Ziwa Edward, hakikutoa mafuta. Hata hivyo mwaka 2015 serikali ilikitangaza kitalu hicho kwa wawekezaji, ingawa sehemu yake imo ndani ya Hifadhi ya Malkia Elizabeth, na wavuvi wanalitegemea ziwa hilo kwa riziki.

Bulembia iliwahi kungoja hivyo hivyo, na neema ikafika kweli. Reli ilifika Kasese mwaka 1956. Kampuni yenye mtaji wa Kanada ikachimba, na shaba ikasafirishwa kwenda kuyeyushwa Jinja. Tani zipatazo milioni 16 za mawe yenye madini zilitolewa. Kisha bei ikaanguka, vipuri vikaadimika katika miaka ya utawala wa Amin, na ilipofika 1982 kazi ilikuwa imesimama. Treni nayo haifiki tena.

Kilichobaki ni makapi. Baadhi yake yalikuwa na faida: kuanzia mwaka 1999 kiwanda kimoja mjini Kasese kilitoa kobalti katika lundo la zamani, kwa msaada wa vijidudu vinavyoyeyusha mawe (jambo la ajabu, lakini ni kweli). Makapi mengine yalibaki bondeni. Nyamwamba ulipofurika Mei 2013, na tena Mei 2020, ulizoa nyumba, ukaivamia hospitali ya Kilembe na kula kingo za malundo hayo. Wapimaji wamekuta shaba na kobalti kupita kiasi katika udongo wa mashamba ya bonde, na maji ya mto huo huishia Ziwa George.

Sheria ya mafuta ya Uganda ya mwaka 2013 inaagiza uwekwe mfuko wa kufungia visima na kuondoa mitambo, kwa fedha za wachimbaji wenyewe. Kwa maoni yangu kifungu hicho kina uzito kuliko hesabu zote za mapipa. Wanaoishi kando ya Ziwa Edward wangefaa kukisoma kabla mtambo wa kuchimbia haujarudi Ngaji, na wasomewe na watu wa Bulembia.