Mjomba, chapuo na laptopu inayochelewa

Najua nimewatupa wiki tatu nzima. Niko Kibiti kwenye mazoezi ya kufundisha, na kati ya andalio la somo na madaftari ya kidato cha pili muda wa kuandika haupo. Leo nimeiba saa moja maana kuna jambo la muziki nimekutana nalo huku, na nyie mnaorekodi mabwenini mtalihitaji siku mkisafiri na laptopu.

Iko hivi. Binamu yangu anaolewa mwisho wa mwaka. Mama kanipa kazi moja tu: kwenye wimbo wa harusi uwepo mkono wa kaka yake, yaani mjomba, anayekaa ndani ya delta ya Rufiji na ni mpiga chapuo. Mama hajamsikia akipiga tangu mimi niko darasa la tano. Nikampigia mjomba, akasema njoo Jumamosi, maana Jumapili alfajiri anaondoka na wenzake kwenda dago na hajui atarudi lini. Kwa hiyo nina jioni moja. Ya pili haipo.

Kijiji sikitaji, mjomba hataki umaarufu. Ni Kibiti mpaka Nyamisati kwa bodaboda, halafu boti. Nyamisati tukakaa kusubiri maji yajae, na pale ndipo nikaanza kuelewa kitu ambacho nimekisoma miaka miwili bila kukiona kwa macho. Ng'ambo ya mkondo kulikuwa na fundi anagonga misumari kwenye mashua. Nyundo inashuka, mkono unapanda tena, ndipo "ko!" inafika kwetu. Sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde. Kwa hiyo umbali wa mita 100 unakula karibu theluthi moja ya sekunde, na huo mkondo ulikuwa mpana zaidi ya hapo.

Sasa rudi kwenye laptopu. Maprodyuza wengi wa Bongo tumekulia kwenye FL Studio, ile iliyoanza Ubelgiji mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa jina la FruityLoops. Humo ndani kuna kitu kinaitwa bafa. Wengine huielezea kwa hesabu, mimi naielezea kwa Hiace ya Mbagala: haiondoki mpaka ijae. Kila sekunde stendi wanafika abiria 44,100, hizo ndizo sampuli za sauti. Ukiweka bafa ya 512, gari lina siti 512, linajaa kwa milisekunde 11.6. Ukiweka 1024 ni milisekunde 23.2. Ukishusha mpaka 128 ni 2.9 tu, yaani bodaboda, inaondoka hapo hapo. Shida ya bodaboda ni safari nyingi: prosesa haipumziki. Na laptopu ikiwa kwenye betri hujipunguzia mwendo ili isimalize chaji, kwa hiyo inashindwa kuwahi na sauti inaanza kupasuka kama bisi kwenye sufuria.

Halafu kumbuka gari linakwenda na kurudi. Sauti inaingia kwa maiki inasubiri, inatoka kwa hedifoni inasubiri tena, na draiva nayo ina mambo yake. Ndiyo maana watu wanatafuta draiva za ASIO, mfumo uliotolewa na Wajerumani wa Steinberg mwaka 1997 ili programu iongee na kadi ya sauti bila kupita ofisi nyingi za Windows. Kama huna kadi ya maana kuna ASIO4ALL, ya bure, inasaidia.

Kabla ya kutoka Kibiti nilifanya yanayofanyika. Biti yote niliigeuza kuwa faili moja la WAV, plagini zote nje, ili laptopu isibebe mzigo wa kinanda na violini wakati wa kurekodi. Wi-Fi nikazima. Hali ya umeme nikaiweka kwenye nguvu kamili hata kama betri inaumia. Hedifoni nikachukua za waya. Zile za Bluetooth nilizomwachia rumeti wangu ni nzuri kwa kusikilizia taarabu, ila zikirudisha sauti huwa zimechelewa milisekunde mia na zaidi. Kwa kazi hii sizitaki hata bure.

Nimefika, shikamoo mjomba, marahaba mjomba, hujambo, mama yako hajambo, tukala ubwabwa na kamba. Ngoma zikasogezwa motoni zikaze. Nyumba ina sola ndogo ya taa na simu, laptopu haiiwezi. Kichekesho ni kwamba mto huu huu, kule juu, una Bwawa la Julius Nyerere lililoanza kuzalisha umeme mwaka 2024, lenye uwezo wa megawati 2,115, na mimi nahesabu asilimia za betri kwa kidole. Nilikuwa na kama saa mbili.

Nikamvalisha mjomba hedifoni, biti ikaanza, akaingia. Mipigo minne, akasimama. Akaangalia nyuma yake.

"Mjomba, huyu anayenipiga nyuma ni nani?"

Nikamwambia ni wewe mwenyewe. Hakufurahi hata kidogo. Bafa ilikuwa 512. Nikashusha 128, bisi zikaanza. Nikajaribu 256, bisi kidogo, lakini bado "kuna mtu". Yule mzee ana sikio, msimdharau kwa kuwa hana cheti. Na betri inashuka.

Hapo nikamkumbuka yule fundi wa mashua. Yeye mwenyewe hachelewi. Akigonga, sikio lake linapata "ko" palepale, anayechelewa kusikia ni mimi huku ng'ambo. Sasa kwa nini nimpeleke mjomba ng'ambo akasikilize chapuo lake kutoka huko, wakati chapuo liko kati ya magoti yake? Nikazima kabisa ile njia inayorudisha sauti ya maiki kwenye hedifoni. Sikio la kushoto nikamwachia biti, la kulia nikalifungua lisikie ngoma yenyewe, hewani. Bafa nikaipandisha mpaka 1024 na laptopu ikatulia kama maji mafu. Mjomba akapiga dakika tisa bila kuangalia nyuma.

Hapo mtaniuliza, si faili bado limechelewa? Limechelewa, ndiyo. Ila linachelewa kwa kiasi kile kile mwanzo mpaka mwisho, na kitu kinachochelewa kwa kiasi kinachojulikana unakisogeza tu. Programu hujaribu kufidia yenyewe kwa kufuata inachoambiwa na draiva, lakini draiva ya kadi iliyomo ndani ya laptopu haisemi kweli kila siku. Kwa hiyo pima mwenyewe. Bandika hedifoni kwenye maiki, cheza mlio wa metronomu, urekodi, halafu kuza picha ya wimbi uone mlio uliorekodiwa uko nyuma ya asili kwa kiasi gani. Kwangu ilikuwa milisekunde 61. Fanya kipimo bila kugusa bafa, ukiigusa tu namba inabadilika. Nikavuta chapuo la mjomba mbele milisekunde 61, basi.

Sisemi bafa ndogo haina kazi. Ukipiga kinanda cha ndani ya kompyuta huna ujanja, sauti haipo hewani, lazima itoke kwenye mashine na lazima iwahi. Lakini ngoma, gitaa la kavu, sauti ya mtu? Mwache ajisikie mwenyewe, mashine ndiyo isubiri. Ila biti iwe chini kidogo, isije ikavuja kutoka kwenye hedifoni na kuingia kwenye maiki.

Betri ilikuwa asilimia 14 nilipompa asikilize. Akapigapiga paja, akasema, "Sasa ni mimi. Ila huyu wa kwenye mashine mkono mgumu." Hilo nalo kweli, nimelegeza biti sehemu mbili.

Saa kumi alfajiri wakaondoka na mashua. Mimi nikarudi Kibiti, nikapata chaji na mtandao, nikamtumia mama kipande kwenye WhatsApp. Akapiga simu muda huo huo. Chapuo hakulitaja. Aliuliza kama yule anayekohoa pale katikati ni kaka yake. Nilikuwa nimeshaanza kukikata kile kikohozi, nimekirudisha.